Wacheni Kutuambia "Hata Ujerumani Walizima"

Kuna komenti moja hunifuata kila mahali. Ukiweka chochote kuhusu mpango wa Kenya kujenga kinu cha nyuklia, iwe ni Uyombo kule Kilifi ama ni Siaya, dakika kumi haziishi kabla msee mmoja hajaandika: "Hata Ujerumani walizima vyao. Sisi ni akina nani tuanze?" Inapata malaiki kibao, watu wanaweka zile emoji za moto, na mjadala unaishia hapo kana kwamba hakimu ameshagonga meza.

Nikiri kwanza. Mimi pia nimewahi kuisema. Niko upande wa watu wa Uyombo, na hiyo hoja ilikuwa tamu: ni fupi, ina nchi kubwa ndani yake, na hakuna mtu huuliza swali la pili. Halafu jamaa mmoja akaniuliza swali la pili. "Na walipozima, waliwasha nini?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, na nilichokipata kilinifanya niifute ile posti.

Kwa hivyo leo siongei na watu wa serikali. Naongea na mbogi yangu. Hiyo hoja ya Ujerumani tuiwache. Ni mbovu, na ukiijua vizuri utaona inatuangusha sisi wenyewe. Ujerumani ilizima stima isiyotoa moshi, ikaacha inayotoa moshi ikiendelea kuwaka, na kuna watu walilipia hiyo na mapafu yao.

Twende polepole.

Mwaka 2010 Ujerumani ilikuwa na vinu 17 vya nyuklia, na vilikuwa vinatoa karibu robo ya umeme wake. Kuvizima halikuwa wazo la jana. Serikali ya Gerhard Schröder, iliyokuwa na chama cha Kijani ndani yake, ilikubaliana na kampuni za umeme mwaka 2000 kwamba vitafungwa kidogo kidogo, na sheria ikapita 2002. Angela Merkel alipokuja, mwishoni mwa 2010 akaviongezea miaka. Miezi michache baadaye, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na tsunami vikaipiga Japani, na kituo cha Fukushima kikaharibika dunia nzima ikitazama. Merkel akageuka. Vinu vinane vikazimwa mwaka huo huo, na tisa vilivyobaki vikapewa tarehe za kufungwa, vya mwisho vikiwa vya kuzimwa mwisho wa 2022.

Vitatu kati ya hivyo vilizimwa tarehe 31 Desemba 2021. Shika hiyo tarehe. Wiki nane baadaye Urusi iliivamia Ukraine. Zaidi ya nusu ya gesi iliyokuwa inaingia Ujerumani ilikuwa inatoka Urusi, na mwaka huo ikaanza kukatwa. Sasa fikiria hiyo hali: bei zimepanda, watu wanaambiwa wapunguze kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na nchi imebaki na vinu vitatu peke yake, Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2. Kwa pamoja vilikuwa na uwezo wa megawati 4,000 hivi. Ili upate picha, Kenya yote, saa ile ya jioni kila mtu amewasha taa na TV, mwaka 2025 ilikuwa inacheza kwenye megawati 2,300 na kitu.

Ungefanya nini na hivyo vitatu? Olaf Scholz aliviongezea miezi mitatu na nusu. Tarehe 15 Aprili 2023 vikazimwa, na Greenpeace wakasherehekea Berlin. Miezi michache kabla ya hapo, serikali hiyo hiyo ilikuwa imeirudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa kando.

Hapo ndipo watu wa upande wangu huniambia: "Lakini Ujerumani wamejenga sola na upepo mwingi sana." Ni kweli, na siwezi kuwadhulumu. Mwaka 2010 nishati jadidifu ilikuwa chini ya asilimia 20 ya umeme wao. Mwaka 2023 ilipita nusu. Hiyo ni kazi, na wanastahili heshima yao. Makaa nayo yameshuka, kutoka zaidi ya asilimia 40 hadi karibu robo. Kwa hivyo mtu akikuambia ati Ujerumani ilijaza pengo lote la nyuklia na makaa, anakupiga chenga, na usirudie uongo wake.

Lakini hiyo sola na huo upepo vilichukua nafasi ya nani?

Fikiria nyumba ya chumba kimoja huku mtaani. Ndani kuna jiko la makaa na mtungi wa gesi. Kuna mtoto, na kila usiku anakohoa. Mama mwenye nyumba anapata pesa kidogo, ananunua sufuria ya stima. Sasa ana njia tatu za kupika na moja anaweza kuiacha. Anachukua mtungi wa gesi, anautoa nje. Kwa nini? Kwa sababu alisikia ya Embakasi 2024, venye gesi ililipuka usiku na watu wakafa, na tangu siku hiyo akiuangalia ule mtungi halali. Uoga wake si wa kijinga. Embakasi ilitokea. Lakini jiko la makaa limebaki ndani, mlango umefungwa, na mtoto bado anakohoa. Na sisi wote tunajua jiko la makaa huua watu nchi hii kimya kimya, familia inalala haiamki, habari inapita siku moja tu.

Huyo mama amenunua kitu kizuri. Shida iko kwa kile alichokitoa.

Ujerumani ilifanya hivyo kwa kipimo cha nchi. Vinu vya nyuklia vya 2010 vilitoa kama terawati-saa 140 za umeme kwa mwaka. Kwa kulinganisha, Kenya nzima hutumia kama 13 au 14. Sasa angalia makaa: mwaka 2023, baada ya miaka 13 ya kujenga sola na upepo kwa nguvu zote, mitambo ya makaa ya Ujerumani bado ilitoa kama terawati-saa 130. Hebu zisome hizo namba mara mbili. Stima ya nyuklia waliyoiacha inakaribiana na stima ya makaa iliyobaki. Wangeanza na makaa, pengine leo makaa yangekuwa hadithi Ujerumani. Hata ukisema vinu vingine vilikuwa vizee na vingestaafu tu, chukua nusu. Nusu ya makaa yote ya nchi ya kwanza kwa uchumi Ulaya si kitu kidogo. Badala yake, sheria yao ya 2020 imeyapa makaa hadi 2038 kama mwisho kabisa. Nyuklia ilipewa miaka 11 baada ya Fukushima. Makaa yamepewa muda zaidi, na hayahitaji ajali ndiyo yaue.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu watu hudhani hii ni stori ya hewa ya ukaa na barafu kuyeyuka mbali huko.

Makaa yakichomwa hutoa vumbi laini sana ambalo hulioni. Linaingia kwenye mapafu, linaingia kwenye damu. Our World in Data wamekusanya vifo kwa kila chanzo cha umeme, ajali na uchafuzi wa hewa pamoja. Makaa: karibu watu 25 kwa kila terawati-saa. Nyuklia: 0.03, na hapo Chernobyl na Fukushima zimehesabiwa. Upepo na sola ziko hapo hapo chini karibu na nyuklia. Yaani ukipanga foleni ya vitu vya kuogopa, makaa yako mbele kabisa na nyuklia imesimama nyuma na sola.

Wachumi watatu, Stephen Jarvis, Olivier Deschenes na Akshaya Jha, walichukua data za mitambo ya Ujerumani saa kwa saa, wakakadiria nini kingetokea kama vile vinu visingezimwa baada ya 2011. Walikuta pengo lilijazwa zaidi na mitambo ya makaa na gesi pamoja na umeme wa kununua nje. Toleo la kwanza la kazi yao, 2019, lilikadiria vifo vya ziada kama 1,100 kila mwaka kutokana na hewa chafu. Walipochapisha toleo la mwisho, 2022, waliweka gharama yote kwa jamii kati ya euro bilioni 3 na 8 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo gharama ni hao watu wanaokufa kwa hewa. Makadirio ni makadirio, na unaweza kubishana nayo. Lakini hata ukichukua ile ndogo kabisa, huwezi ukaiita ushindi wa mazingira.

Na hao watu hutawahi kuona picha zao. Hakuna anayeandikwa kwenye cheti cha kifo "aliuawa na uamuzi wa 2011". Ni mzee mwenye moyo mbovu ameondoka mapema kidogo, ni mtu wa pumu ameshindwa usiku mmoja. Fukushima ilikuwa na video. Hawa hawana.

Tukitaka kuiongelea Fukushima, tuiongelee yote. Tetemeko na tsunami viliua ama kupoteza watu kama 18,000. Kwa mionzi, serikali ya Japani imekubali kifo cha mfanyakazi mmoja. Waliokufa kwa sababu ya kuhamishwa, wengi wao wazee waliotolewa hospitalini na nyumbani kwa haraka, ni zaidi ya 2,000. Hiyo ni huzuni ya kweli, na watu walipoteza miji yao. Sisemi nyuklia ni salama kama uji. Nasema Ujerumani haina tsunami ya mita 14, na uamuzi wao ulifanywa kwa picha ya bahari ambayo si yao.

Sasa uje uone kijiji.

Magharibi mwa Ujerumani kuna mgodi wa wazi unaitwa Garzweiler. Wanachimba lignaiti, makaa ya kahawia, aina chafu kuliko zote, yenye maji mengi na joto kidogo. Mgodi kama huo hauchimbi chini kama shimo la dhahabu. Unakula ardhi kwenda mbele, na kijiji kikiwa mbele, kijiji kinaliwa. Januari 2018 walibomoa kanisa kubwa la Immerath. Januari 2023 ikawa zamu ya Lützerath. Polisi walikuja kuwatoa vijana waliojifungia kwenye nyumba na juu ya miti, na Greta Thunberg akabebwa na polisi dunia ikiangalia. Kilikuwa kinabomolewa kwa sababu ya makaa yaliyo chini yake. Miezi mitatu baadaye wakazima vile vinu vitatu vya mwisho.

Waliokubali Lützerath iondoke walikuwemo viongozi wa chama cha Kijani. Walipata kitu kwa kubadilishana: kampuni ya RWE iache makaa eneo hilo 2030 badala ya 2038. Sawa, hiyo ni faida. Lakini jiulize wale vijana walio juu ya miti walikuwa wanapigania nini, na ni nani aliwafikisha pahali pa kuchagua kati ya kijiji na stima.

Tukuje kwa pesa, kwa sababu najua kuna watu hapa moshi hauwagusi ila bei inawagusa.

Kufunga hakukuwa bure. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuzilipa kampuni nne za umeme kama euro bilioni 2.4, fidia ya vinu walivyoambiwa wafunge kabla ya wakati. Yaani raia walilipa ili mitambo iliyokuwa inafanya kazi iache kufanya kazi. Halafu 2023 Ujerumani ikawa inanunua umeme nje kuliko inavyouza, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kwa miaka 20 hivi. Mwingi wa umeme huo ni wa upepo na maji kutoka kaskazini, lakini mwingine unatoka Ufaransa, ambako kama theluthi mbili ya stima ni nyuklia. Nyuklia iko mbaya ikiwa kwangu, ikiwa kwa jirani ni sawa, leta waya.

Sitakudanganya kwamba bei ya juu ya stima Ujerumani ni kwa sababu ya kuzima nyuklia peke yake. Kuna kodi, kuna gesi ya Urusi, kuna waya za kujenga. Lakini ukiwa kwenye shida ya bei, huchukui mtambo ulioshalipiwa, unaofanya kazi, usiotoa moshi, ukauzima kwa sababu ya ahadi ya miaka 12 nyuma. Hata mwenye duka hafungi friji inayofanya kazi siku ambayo maziwa yamejaa.

"Na taka za nyuklia je?" Swali zuri. Taka ziko. Zilikuwepo kabla ya kuzima na ziko sasa. Ujerumani bado inatafuta mahali pa kuzizika kabisa. Walihangaika na Gorleben kwa miongo, watu wakaandamana huko miaka na miaka, na 2020 ikaondolewa kwenye orodha. Kuzima vinu hakukuondoa hata kontena moja. Waliacha kupata stima, wakabaki na taka. Makaa nayo yana taka, ila zake tunazivuta puani, kwa hivyo hakuna mtu huuliza zitazikwa wapi.

"Lakini Ufaransa nao walikuwa na shida 2022." Kweli kabisa. Karibu nusu ya vinu vyao vilisimama mwaka huo, baadhi kwa nyufa za kutu kwenye mabomba, na wakanunua stima nje. Nyuklia si malaika. Na kujenga kipya ni kilio: kinu cha Flamanville 3 kilianza kujengwa 2007, kikatakiwa kiwe tayari 2012, kikaunganishwa na gridi Desemba 2024. Bei ilitoka euro bilioni 3.3 ikapita 13.

Hapo kwa Flamanville ndipo nataka usimame, kwa sababu hapo ndipo Kenya inaingia.

Kuzima kinu ambacho kipo, kimelipiwa na kinafanya kazi, ni swali moja. Kujenga kinu ambacho hakipo, kwa mkopo, ni swali lingine kabisa. Ujerumani ilijibu swali la kwanza, na ikalijibu vibaya. Kenya iko kwenye swali la pili. Kwa hivyo yule msee wa "hata Ujerumani walizima" amebeba jibu la mtihani wa mtu mwingine. Na yule wa upande wa pili, anayekuja na "Ujerumani wanajuta, kwa hivyo tujenge haraka", naye amebeba jibu hilo hilo ameligeuza tu juu chini. Nyinyi wawili mnaangalia karatasi isiyo yenu.

Karatasi yetu inasema hivi.

Karibu asilimia 90 ya stima yetu tayari ni jadidifu. Mvuke wa Olkaria, ulioanza 1981, leo mvuke unatoa kama asilimia 40 ya umeme wa nchi, usiku na mchana, mvua na jua, bila kuchoma kitu. Wataalamu wa serikali hukadiria Bonde la Ufa lina uwezo wa megawati 10,000 za mvuke. Tunatumia chini ya 1,000. Ile kazi ambayo Wajerumani walihitaji nyuklia iwafanyie, ya kutoa stima upepo ukilala na jua likizama, sisi ardhi yetu inaweza kutufanyia. Olkaria nayo ina makosa yake, kuna Wamaasai waliohamishwa na bado wana malalamiko, na hilo lisifunikwe. Lakini tuna kitu ambacho Ujerumani ingetamani.

Pili, ukubwa. Mpango uliotangazwa ni megawati 1,000. Kwa nchi iliyokuwa inatumia 2,300 na kitu saa ya kilele mwaka 2025, kitu kimoja kikibeba sehemu kubwa hivyo, siku kikikata ghafla, unajua itakuwaje. Tulilala giza nchi nzima Agosti 2023 bila nyuklia yoyote.

Tatu, pesa. Ufaransa wana vinu zaidi ya 50 na uzoefu wa miaka, na kimoja kiliwachukua miaka 17. Sisi tutakichukua kwa miaka mingapi, kwa deni la nani? Mimi na wewe tuko miaka ya ishirini. Hilo deni lina majina yetu.

Nne, watu. Uyombo iko karibu na Mida Creek, Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wavuvi wa pale walisema hawakuulizwa. Mwaka 2024 waliandamana, wakakutana na polisi. Huwezi kujenga kitu cha kukaa miaka 60 juu ya watu uliowanyamazisha siku ya kwanza.

Hizo ni sababu nne, zote ni zetu, na hakuna hata moja inayohitaji Ujerumani. Ukiingia kwenye mjadala na hizo, mtu wa serikali atatoa jasho. Ukiingia na "hata Ujerumani", atakuuliza lile swali la pili, na utanyamaza kama nilivyonyamaza.

Na kuna sababu nyingine ya kuiacha hiyo hoja, na hii ndiyo inaniuma. Inatufanya tusahau makaa. Pwani ile ile ya Uyombo, ukipanda kaskazini, kulikuwa na mpango wa mtambo wa makaa Lamu, megawati 1,050, jirani na mji wa kale ulio kwenye urithi wa dunia. Watu wa Lamu walipigana miaka, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta leseni. Hawakushinda kwa kelele. Walishinda kwa kuonyesha umma haukushirikishwa ipasavyo na madhara hayakuchunguzwa vizuri. Lakini wazo halijafa. Makaa ya Mui kule Kitui bado yako chini ya mashamba ya watu, na kila stima ikipungua kuna mtu huyakumbuka. Ukiwafunza vijana kwamba Ujerumani ni mfano wa mazingira, umewafunza kwamba nchi inaweza kuzima nyuklia, ikachoma makaa, na bado ikapigiwa makofi. Wenye makaa watakushukuru sana.

Na usisahau mafuta. Angalia ule ujumbe wa tokeni ukinunua stima, kuna mstari wa ada ya mafuta. Hiyo ni dizeli na mafuta mazito yanayochomwa kwenye mitambo kama ya Kipevu, Mombasa. Watu wanaoishi karibu wanaivuta hewa yake, na wewe unalipia kila ukinunua tokeni. Tukitaka kuzima kitu Kenya, tuna cha kuzima tayari, na si cha kufikirika.

Mimi si injinia. Chuo niliachia njiani, na mtu ananikumbusha hilo kila wiki kwenye komenti kama vile nimesahau. Lakini huhitaji digrii kuuliza ni nini kinazimwa kwanza. Kichafu ndicho kinatangulia. Ukishakizima, tuje tubishane kuhusu kisafi chenye hatari na kisafi kisicho na hatari, na huo ubishi nitaufurahia.

Kwa hivyo mkiona ile komenti tena, msimtukane mtu, pengine ni mimi wa mwaka jana. Mwulize tu: walipozima, waliwasha nini? Na akikuuliza wewe unataka nini kwa Kenya, usimpeleke Berlin. Mpeleke Olkaria, mpeleke Kipevu, mpeleke Uyombo akaongee na wavuvi. Halafu arudi hapa tuendelee.